Mzazi Nyuma ya Seng'enge



Mwezi uliopita alitujia mama mmoja, jirani na msomaji wetu wa siku nyingi, akiwa na jambo lililomkosesha usingizi. Binti yake ana umri wa miaka 12, na amekuwa akicheza tenisi tangu alipokuwa na miaka 8. Jumamosi moja alishiriki mashindano ya watoto hapa Mombasa. Mchezo ulifika seti ya mwisho, na hakuna aliyeweza kusema nani angeshinda. Mpinzani wake akapiga mpira mrefu ukaangukia juu ya mstari wa nyuma. Mama aliuona kwa macho yake akiwa nje ya seng'enge. Binti akainua kidole, akasema, "Nje." Mwenzake akamtazama kidogo, asiseme neno, akarudi mahali pake. Binti akashinda mchezo ule.

Walirudi nyumbani kwa tuktuk. Baba alikuwa na furaha, akisimulia pigo moja baada ya jingine. Mtoto alikuwa kimya. Usiku, mama alipokwenda kumfunika shuka, ndipo alipotamka, "Mama, ule mpira ulikuwa ndani." Mama akamuuliza kwa nini basi alisema uko nje. Akajibu, "Nikishindwa, Baba hasemi nami mpaka kesho yake."

Mama yule hakututaka shauri la namna ya kumwadhibu mtoto. Alituuliza, "Kosa hili ni la nani?" Swali hilo limekaa nasi tangu siku hiyo, na leo twalileta kwenu, kwani familia zinazowapeleka watoto katika michezo ya mashindano zimeongezeka, na wengi wetu tumefundishwa namna ya kuchagua raketi lakini hatukufundishwa namna ya kusimama nyuma ya seng'enge.

Tuanze na mchezo wenyewe. Walio wengi tumeutazama katika televisheni tu, ambako kuna mwamuzi juu ya kiti kirefu na mitambo inayoonyesha mpira ulipoangukia. Katika mashindano ya watoto aghalabu hakuna hayo. Kila mchezaji ndiye mwamuzi wa upande wake wa wavu. Yeye ndiye asemaye kama mpira wa mwenzake umeanguka ndani au nje, na kanuni ni mbili nyepesi kuzisema na nzito kuzitenda. Ya kwanza, mpira uliogusa mstari, hata kwa ukingo wake tu, uko ndani. Ya pili, mchezaji akiwa na shaka, shaka hiyo humfaa mpinzani: mpira ambao hukuuona wazi kuwa uko nje, uhesabu kuwa uko ndani. Wakibishana, wanaweza kumwita msimamizi wa mashindano, lakini mara nyingi yeye naye hakuuona mpira wenyewe.

Basi tazameni uzito wa amana hii. Kazi ambayo katika kandanda hufanywa na mtu mzima mwenye filimbi, katika tenisi hupewa mtoto wa miaka 10 au 12, tena katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Na yuko peke yake. Mchezaji wa kandanda akikosa bao ana wenzake 10 wa kugawana nao uchungu. Wa tenisi hana. Hivi karibuni baadhi ya mashindano yameruhusu kocha kusema maneno machache kutoka kando, lakini mengine bado yakataza, na hata yanaporuhusiwa, pigo ni lake na uamuzi wa mstari ni wake. Hapo ndipo malezi ya nyumbani yanapotoka hadharani. Ikiwa mtoto amejua kwamba mapenzi ya nyumbani hupanda na kushuka pamoja na hesabu ya pointi, basi mstari ule mweupe utakuwa mwembamba sana machoni mwake siku ya siku.

Wako watakaosema kwamba bila ukali hakuna bingwa, na wataleta mifano. Mfano mmoja mashuhuri ni wa Mmarekani Andre Agassi, aliyeshinda mataji 8 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Babake alitengeneza mashine ya kurushia mipira katika uwanja wa nyumbani kwao Las Vegas, akimtaka mtoto apige mipira 2,500 kwa siku. Ubingwa aliupata. Lakini alipoandika habari za maisha yake mwaka 2009, alikiri kwamba kwa miaka mingi aliuchukia mchezo uliompa jina. Mzazi na ajiulize kama hiyo ndiyo biashara anayotaka kuifanya na mwanawe, huku akijua kwamba kwa kila Agassi mmoja, wako watoto wasiohesabika waliopigishwa mipira hivyo hivyo wakabaki na chuki bila taji.

Mfano mwingine ni Jennifer Capriati, Mmarekani pia. Aliingia katika mashindano ya kulipwa mwezi wa Machi 1990, hajatimiza miaka 14. Mwaka uo huo alifika nusu fainali ya mashindano ya Ufaransa, na mwaka 1992 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona. Kisha kabla ya kufikia miaka 18 alikuwa amechoka mwili na roho, akauacha mchezo. Alirudi baadaye akiwa mtu mzima na kushinda mataji makubwa matatu katika miaka ya 2001 na 2002. Kutokana na mambo kama hayo, chama cha wanawake wachezaji wa kulipwa kiliweka kanuni katika miaka ya 1990: msichana aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano yake, na kuanzia hapo mpaka miaka 18 idadi ya mashindano yake kwa mwaka ina kikomo. Watu wa mchezo wenyewe waliona kwamba kipaji hakimkomazi mtoto kabla ya wakati wake.

Haraka hii huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miaka 7 kupewa mpira wa kawaida wa njano na uwanja mzima wenye urefu wa mita 23.77 ni kama kuvishwa kanzu ya babake akaambiwa akimbie. Ndiyo maana mchezo una ngazi zake. Watoto wadogo kabisa huanza na mpira mwekundu, ambao mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75, katika kiwanja cha kama mita 11. Hufuata mpira wa rangi ya machungwa, pungufu kwa asilimia 50, katika kiwanja cha kama mita 18. Kisha huja wa kijani, pungufu kwa asilimia 25, katika uwanja kamili. Tangu mwaka 2012 kanuni za kimataifa haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Mzazi akimwona kocha anamwanzishia mwanawe mpira mwekundu asione kwamba anapotezewa wakati. Huko ndiko mtoto anakojifunza kupiga mpira kwa umbo zuri badala ya kupigana nao.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2022 binti wa Kenya, Angella Okutoyi, alishinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana nchini Australia, jambo ambalo hapana Mkenya aliyelitangulia. Mwezi wa Julai mwaka huo, yeye na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Okutoyi alifiwa na mamake angali mchanga, akalelewa na nyanyake jijini Nairobi pamoja na pacha wake. Hapakuwa na mali nyingi wala uwanja wa nyumbani. Palikuwapo mtu mzima aliyemlea na kumwacha acheze.

Lakini twataka muitazame fainali ile ya Wimbledon kutoka upande wa pili wa wavu. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na mwisho wakaponea kwa pointi 11 kwa 9. Walioshindwa walikuwa wasichana wawili wa Kanada. Mmoja wao ni Victoria Mboko, ambaye wazazi wake ni wenye asili ya Kongo. Siku ile alitoka uwanjani ameshindwa kwa pointi 2. Miaka 3 baadaye, Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya wanawake mjini Montreal, na katika fainali alimshinda Naomi Osaka. Mzazi ambaye angemnunia mwanawe jioni ile ya 2022 angekuwa anaikasirikia hatua moja ya safari ambayo yeye mwenyewe hakuijua mwisho wake.

Hesabu nyingine yafaa tuitie akilini kabla hatujafunga safari ya mashindano. Wakiingia watoto 32 katika mashindano ya mtoano, 31 watarudi nyumbani wameshindwa. Mmoja tu ndiye atakayemaliza bila kushindwa. Mtoto anayeshiriki mashindano 10 kwa mwaka yumkini atashindwa katika 9 au 10. Kushindwa ndiyo hali ya kawaida ya mchezo huu, na wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika mapokezi ya dini yetu kuna kisa cha Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.) ambaye alikuwa hapitwi mbioni. Siku moja alikuja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Waislamu wakaona vibaya sana. Mtume akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila hukishusha. Hakumlaumu ngamia wala hakumlaumu bedui. Kisa hicho ni kizuri cha kumsimulia mtoto, lakini tumsimulie siku ya kawaida kabla ya mashindano, kwani akiwa bado anatokwa na machozi hatamsikia mtu.

Basi mzazi afanye nini? Kabla ya mchezo kazi yake ni ndogo. Mtoto awe amelala vya kutosha, amekula, ana maji mengi na kofia, na amefika mapema. Nasaha za mchezo amwachie kocha. Akitaka kusema neno, aseme moja la amana: mpira usiouona, mpe mwenzako. Kisha amwambie kwamba atampenda akishinda na akishindwa, na asiliseme hilo ikiwa hakukusudia kulitimiza jioni.

Wakati wa mchezo mzazi apige makofi kwa pigo zuri la mtoto yeyote. Asiite mistari kutoka nje, asinong'one na kocha kwa sauti ya kusikika, asimtolee macho mtoto wa mwenzake. Watoto hugeuka kututazama baada ya kila kosa, na husoma nyuso zetu kuliko wanavyosoma vitabu vyao. Baba au mama ambaye uso wake haumtii radhi, ni afadhali aende kutembea kidogo arudi mchezo ukiisha. Si aibu.

Baada ya mchezo ndio wakati mgumu kuliko wote, na hasa safari ya kurudi nyumbani. Mtoto amefungiwa nasi garini au kwenye tuktuk, hana pa kukimbilia. Hapo wengine hutoa hotuba, na wengine, kama baba wa binti yetu, hutoa kimya, wakidhani kimya si adhabu. Kimya cha mzazi ni kizito kuliko kelele. Twashauri hivi: swali la kwanza liwe la njaa au la kiu. Mazungumzo ya mchezo yangoje mpaka mtoto ayaanzishe mwenyewe, na asipoyaanzisha leo, kesho ipo.

Liko pia suala la gharama. Raketi, viatu, ada ya kocha, nauli ya kwenda Nairobi kwa mashindano, yote hayo ni mzigo, na si vibaya mtoto kujua kwamba mali haiokotwi. Vibaya ni kuugeuza mzigo kuwa deni lake. Maneno kama "tumekugharimia kiasi hiki nawe unacheza hivi" humfanya mtoto aone kwamba kila pointi anayopoteza ni fedha anazotuibia. Kama gharama haziwezekani, tupunguze mashindano bila lawama. Tena tuwakumbuke ndugu zake waliobaki nyumbani, ambao Jumamosi zao zote zimeliwa na mchezo wa mmoja.

Kuhusu mwili, madaktari wa michezo hushauri mtoto apate walau siku moja ya mapumziko kila juma, na kwamba saa zake za mazoezi kwa juma zisizidi umri wake. Wa miaka 10, basi, asizidi saa 10. Bega au kiwiko kinachouma kila akicheza ni onyo, wala si uvivu. Kwetu Pwani tuongeze hesabu ya jua: katika miezi ya kaskazi mazoezi ya saa 8 za mchana hayafai, na alfajiri baada ya sala au jioni baada ya alasiri ni bora zaidi. Katika Ramadhani, mtoto aliyeanza kufunga apunguziwe mazoezi au yasogezwe baada ya kufuturu. Mchezo haupotei kwa mwezi mmoja.

Mabinti wana mambo yao, na hapa twasema na kina mama hasa. Wengi huacha mchezo wakishabaleghe, na sababu moja ni mavazi. Wazazi hudhani kwamba bila sketi fupi hakuna tenisi. Sivyo. Tangu mwaka 2019 hata kanuni za wanawake wa kulipwa zaeleza wazi kwamba mchezaji aweza kuvaa suruali ya kubana bila sketi, na anayetaka stara zaidi huvaa juu yake shati refu lenye mikono mirefu. Kwa mashindano ya watoto waulizeni wasimamizi mapema, muende mmejiandaa. Ons Jabeur wa Tunisia, binti wa Kiislamu, alipelekwa uwanjani na mamake akiwa na miaka 3, akapanda mpaka nafasi ya 2 duniani mwaka 2022. Alicheza fainali 3 kubwa na kushindwa zote 3, na nchi yake haikuacha kumpenda. Mwaka 2025 alipoona furaha ya uwanjani imemtoka, alisema hadharani kwamba anapumzika. Tungependa mabinti zetu nao wajue kwamba neno hilo wanaweza kulisema nyumbani bila kuogopa.

Na tusiache la usalama. Mtoto, awe wa kike au wa kiume, asiachwe peke yake na mtu mzima mahali pasipoonekana, awe kocha ama mwingine. Ujumbe wa simu kutoka kwa kocha upitie kwa mzazi. Akisafiri kwa mashindano, aende na mtu wa jamaa, na mabinti waende na mwanamke mnayemwamini. Kocha mwema hatachukia utaratibu huo, bali atauomba mwenyewe.

Turejee kwa mama wa mwanzo. Tulimjibu kwamba kosa la mstari ni la binti, na hapana budi alibebe, lakini khofu iliyolizaa si yake peke yake. Tulimshauri azungumze na mumewe kwanza, faraghani, si mbele ya mtoto.

Wiki mbili baadaye alirudi kutupa habari. Baba aliposikia maneno ya bintiye alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akamwita, akamwambia, "Mwanangu, mimi nami nimekosa." Wakatafuta namba ya simu ya mama wa yule msichana mwingine, na binti akasema mwenyewe kwamba ule mpira ulikuwa ndani. Matokeo yalikwisha andikwa, hayabadiliki. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kisha sauti ya mtoto ikajibu, "Nilijua. Ahsante kwa kunambia."

Jumamosi iliyopita binti alicheza tena, akashindwa katika mzunguko wa kwanza. Walipotoka, baba akamuuliza kama ana njaa. Wakasimama njiani kula viazi karai. Mama anasema kwamba walipokuwa wakila, mtoto ndiye aliyeanza kueleza jinsi alivyoupoteza mchezo, tena kwa urefu, naye baba akasikiliza mpaka mwisho.

Wa billahi tawfiq.